Kusoma Kiingereza na Kusema Kiingereza: Habari za Vyuo vya Dini toka Kiungani hata Dar es Salaam

Jina la Kariakoo, mtaa wa soko katika mji wa Dar es Salaam, ni neno la Kiingereza lililoingia katika lugha yetu kwa mlango wa sikio. Waingereza walipoutwaa mji huu mikononi mwa Wajerumani, mwezi wa Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao walipiga kambi mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga jumba la soko kabla ya vita. Kikosi cha wapagazi hao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wapagazi walilisikia jina hilo kila kukicha, wakalishika kama walivyolisikia, wakalinyosha kwa kanuni za matamshi yetu, likawa Kariakoo. Nairobi nako, kwa sababu hiyo hiyo, pana mtaa uitwao Kariokor.

Msomaji aangalie jinsi sikio lilivyokuwa hodari kuliko jicho. Neno lile la pili likiandikwa lina herufi p na s mwishoni, wala hazitamkwi. Mwanafunzi aliyelikuta kitabuni tu angezitamka zote mbili kwa bidii, na kama angeongeza e mwishoni angepata neno lingine kabisa, lenye maana ya maiti. Mpagazi asiyejua hata herufi moja alilitamka sawasawa kuliko yeye. Lakini mpagazi huyo huyo, kama angepewa amri ya kikosi chake iliyoandikwa, asingejua kama karatasi ile yamtaja yeye au yamtaja punda. Lugha moja ina milango miwili, na aliyeingia kwa mmoja hakuingia kwa wa pili.

Nalitaja jambo hili kwa sababu historia ya Kiingereza katika vyuo vyetu vya dini ni historia ya milango hiyo miwili kuchanganywa. Wanafunzi wa theolojia walihitaji kusoma vitabu vizito. Mara nyingi walifundishwa kusema, kusalimu, na kuandika barua. Kisha watu wakastaajabu mbona vitabu havisomeki.

Katika vita vile vile vya wapagazi alikuwapo mtu mmoja aliyeyashika mambo haya kwa pande zote. Frank Weston, Askofu wa Unguja toka 1908 hata alipofariki mwaka 1924, alikusanya wapagazi wa Unguja mwaka 1916, akavuka nao bara, akawaongoza mwenyewe kwa cheo cha meja. Kabla ya uaskofu alikuwa mwalimu: toka 1899 hata 1901 mkuu wa Chuo cha Mt. Marko, Mazizini, na toka 1901 hata 1908 mkuu wa Chuo cha Mt. Andrea, Kiungani. Mwaka 1907, yungali Kiungani, alitoa kitabu chake The One Christ, juu ya namna Neno alivyofanyika mwili. Ni kitabu kigumu, kimeandikwa kwa Kiingereza cha wanazuoni kwa ajili ya wanazuoni. Basi katika nyumba moja palikuwa na theolojia mbili: ile iliyonenwa kwa Kiswahili mbele ya vijana, na ile iliyoandikwa kwa Kiingereza juu ya meza ya mkuu wa chuo. Ukuta uliokuwa kati yake ndio nitakaouchunguza.

Ukuta huo haukujengwa kwa ubaya. Askofu Tozer na Dr. Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, walifika Unguja mwaka 1864, na wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Waliowafuata walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, na watu wa makabila mengine mengi ya bara, wengi wao wakiwa wameokolewa baharini na manowari za Kiingereza. Kwa hiyo Kiungani hapakuwa na lugha ya mama iliyo moja. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kujifunza, ila kilisikika nje ya ua kila siku, sokoni na forodhani, na Kiingereza hakikusikika ila kwa Wazungu wachache. Steere alishika kauli kwamba ibada na mafundisho yawe kwa Kiswahili, naye hakuishia katika kauli. Mwaka 1870 alitoa kitabu chake cha sarufi na maneno ya Kiswahili cha Unguja, na mwaka huo huo hadithi za Waswahili, zilizopigwa chapa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Alijifunza kupiga chapa kwa mikono yake, akawafundisha vijana kazi hiyo. Biblia nzima ya Kiswahili ikatoka mwaka 1891, yeye akiwa amekwisha fariki tangu 1882.

Matunda yakaonekana upesi. John Swedi, mmoja wa wale watano wa kwanza, alipewa ushemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyepata kusoma pia katika Chuo cha Mt. Agostino, Canterbury, alipewa upadre mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa Misheni hii, akahudumu Chitangali katika nchi ya Wayao, mbali sana na kila Mzungu. Toka 1888 wanafunzi wa Kiungani walikuwa na gazeti lao, Msimulizi, la Kiswahili. Sidhani kwamba Kanisa lingekuwa na mapadre hao kwa wakati ule kama wangelazimishwa kwanza kuwa Waingereza wa ulimi. Steere alifanya vema.

Lakini alituachia deni. Kiswahili cha mwaka 1891 kilikuwa na Biblia, Kitabu cha Sala, katekismo, nyimbo, na vitabu vichache vya mafundisho. Hakikuwa na fafanuzi ndefu za Maandiko, wala maandiko ya Mababa wa Kanisa, wala historia ya mabishano ya itikadi. Mambo hayo yalimfikia mwanafunzi kwa daftari. Mwalimu alisoma kitabu cha Kiingereza usiku, akakipunguza, akakisema kwa Kiswahili asubuhi, na mwanafunzi akaandika aliyoyasikia. Daftari hilo akaenda nalo shambani mwa Bwana miaka thelathini. Kwa wengi lilitosha. Ila mwenye daftari peke yake hawezi kujua mwalimu aliacha nini, wala kwa nini aliacha, wala kama mwandishi wa kitabu alikubali yale aliyoyasimulia au aliyasimulia ili ayakanushe. Atahubiri vema, lakini siku wakubwa wakibishana hana pa kusimama ila nyuma ya mmoja wao. Na mabishano hayakukosekana: mwaka 1913 palikuwa na mkutano Kikuyu juu ya ushirika wa Misheni mbalimbali, na Weston akawashitaki wenziwe wawili, Askofu wa Mombasa na Askofu wa Uganda. Hoja zikachapwa katika vijitabu vya Kiingereza. Mapadre Waafrika, ambao Kanisa lililokuwa likigombewa lilikuwa lao kuliko la mtu mwingine ye yote, wangewezaje kuzipima wao wenyewe?

Kwa nini basi hawakufundishwa kuvisoma? Sehemu ya jawabu ni umaskini wa wakati na walimu. Sehemu ya pili ni hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sababu. Kijana aliyejua Kiingereza aliweza kupata kazi ya ukarani katika ofisi ya Serikali au ya tajiri wa forodha, kwa mshahara ambao mwalimu wa Misheni asingeuota. Baada ya 1919, Waingereza walipopewa nchi ya Tanganyika, hofu ikazidi. Kiingereza kilikuwa mlango wa kutokea, na walinzi wa zizi hawapendi mlango wa kutokea. Haya nayasema bila kuwatukana wazee wetu; lakini ni lazima yasemwe, kwa kuwa hofu ile iliwafanya wakipime Kiingereza kama dawa kali, kijiko kwa kijiko, na kijiko walichotoa kilikuwa cha kusema na kuandika, kile kile kilichofaa ofisini. Kiingereza cha kusoma kimya kimya, ambacho hakimpi mtu mshahara wo wote, hakikufundishwa kwa kusudi.

Pia palikuwa na hatari ya namna nyingine. Vita vya 1914 vilipoanza, Wajerumani waliwafunga mapadre na walimu wengi wa UMCA katika nchi yao, wakiwashuku kuwa wapelelezi wa Waingereza. Martin Kayamba, mwana wa Kiungani, alikuwa mmoja wa wafungwa hao. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alipelekwa kusoma Uingereza, shule ya Bloxham, katika miaka ya 1880 na kitu. Martin mwenyewe akawa karani mkuu huko Tanga, akaenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, akaandika kwa Kiswahili safari ile katika kitabu Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza, kilichotoka mwaka 1932, kisha akafanya kazi katika ofisi kuu ya Serikali hapa Dar es Salaam. Namtaja kwa sababu yeye ni kielelezo cha kile ambacho Kiungani kiliweza kufanya kilipomfungulia mtu milango yote miwili. Hakuwa padre, na hilo lilithibitisha hofu ya wazee.

Chuo cha Kiungani kilihamishwa mwaka 1925, kikaletwa bara, Minaki, kilimani karibu na Kisarawe, mwendo wa maili ishirini hivi toka Dar es Salaam. Kikaingia katika kivuli cha mji mkuu. Kwa wakati huo Kariakoo ilikuwa soko na mtaa wa Waafrika, wenye nyumba za vyumba sita na kibaraza mbele, na karani anayekaa pale alikuwa mtu wa kuheshimiwa kwa kalamu yake. Aliandikia majirani barua za kuomba kazi na za kulalamikia kodi. Kiingereza chake kilikuwa kama sahani za chuma, hakivunjiki wala hakipindiki: fungu la kufungulia, fungu la kuomba, fungu la kufungia lenye kumhakikishia bwana mkubwa utii wa mwandishi. Karani huyo alijua Kiingereza. Nani angethubutu kusema hajui? Lakini angepewa ukurasa mmoja wa Weston angezama.

Jambo ninalolistaajabia ni kwamba katika mtaa ule ule palikuwa na watu waliokwisha kulitatua fumbo hili zamani sana, nao ni Waislamu. Kila mtu wa pwani ajua namna mbili za kusoma chuoni. Mtoto husoma Kurani kwa sauti, hujifunza kuitamka sawasawa, na maana humjia baadaye, ama haimjii. Lakini mwanafunzi mkubwa anayetafuta elimu huketi katika darsa, kitabu cha sheria au cha sarufi mapajani. Sheikh husoma maneno machache ya Kiarabu, huyafasiri papo hapo kwa Kiswahili, hueleza kwa nini neno hili limekuja mbele na lile nyuma, dhamiri hii yarudi kwa nani, kisha husonga mbele. Kitabu kimoja chaweza kuchukua miaka. Hakuna anayemtaka mwanafunzi yule anunue ndizi kwa Kiarabu. Wapo wengi waliosoma hivyo, wa Unguja, Lamu na Dar es Salaam, ambao wangeshushwa bandarini Maskati wangebabaika katika mazungumzo. Lakini wakipewa kitabu cha fiqhi wanakifungua na kukihoji. Lugha ya kitabu ni ya kitabu, na Kiswahili ndicho ngazi ya kuifikia. Hakuna aibu katika ngazi. Sisi wa Misheni tulikaa ukuta kwa ukuta na darsa hizo miaka mia, tukaandika mengi juu ya desturi za pwani, wala hatukuona kwamba mbinu ya kufundishia ilikuwa mbele ya macho yetu.

Huko Bengali, mkaguzi wa shule aliyeitwa Michael West alifika karibu na fikira hiyo kwa njia yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1926 alidai kwamba kijana wa Kibengali ahitaji kwanza kukisoma Kiingereza, kwa kuwa elimu imo vitabuni, na kusema kutafuata kwa wale watakaohitaji. Akatunga vitabu vya kusomea vyenye maneno yaliyochaguliwa kwa hesabu, machache kwa kila ukurasa, na vitabu hivyo vilienea katika nchi nyingi. Hata hivyo hesabu yake ilikuwa ya maneno. Kwa msomaji wa Kiswahili taabu kubwa haimo katika maneno, na hapa naomba nikae kidogo.

Kiswahili humshika msomaji mkono. Tukisema "kitabu cha mwalimu nilichokinunua", ile ki yarudi yarudi, wala hapana shaka kilichonunuliwa ni kitabu, si mwalimu. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo. Neno "it" laweza kuwa kitabu, mti, jambo, neno, au ukuta. Neno "which" halisemi lamfuata nani. Msomaji wetu hutafuta alama asiyoipata, na asipoipata hukamata jina lililo karibu. Tena Kiingereza huweza kukificha kirejeshi kabisa. "The men Paul wrote to" ni watu aliowaandikia Paulo. Lakini mwanafunzi huona "men" na "Paul" wamesimama bega kwa bega, akawafanya wote kuwa waandishi.

Kisha mpango wa majina umepinduliwa. Sisi tunaanza na kichwa: uamuzi wa baraza la kanisa. Mwingereza huanza na mkia: "the church council decision". Maneno matatu yale yale, yamegeuzwa juu chini. Yakiwa matatu si kitu. Lakini vitabu vya elimu hupanga matano au sita, na mtu asiyefundishwa kuanzia mwisho na kurudi nyuma huyasoma kama orodha ya vitu sokoni. Hili ni la kufundishwa kwa saa mbili tu, nami sijaelewa kwa nini vitabu vingi vya kufundishia hulipita bila kulitaja.

Taabu ya tatu ni maneno madogo. Chukua "hardly". Mwanafunzi ajua kwamba "hard" ni gumu, au kwa bidii. Basi akiambiwa mtu fulani "hardly" aliomba, yeye hufahamu kwamba aliomba kwa bidii sana, kumbe mwandishi asema ni kama hakuomba. Neno moja limempeleka upande wa pili wa hoja, naye hana habari. Maneno makubwa hayana udanganyifu huu: asiyelijua neno kubwa hujua kwamba halijui, akafungua kamusi. Kamusi za Madan, ya Kiingereza kwa Kiswahili iliyotoka 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza ya 1903, na zile za Johnson zilizochapwa mwaka 1939 kutokana na kazi ya Kamati ya Kiswahili iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1930, zimewasaidia maelfu kwa maneno makubwa. Kwa madogo husaidia kidogo tu, kwa sababu hakuna anayefungua kamusi kutafuta neno analodhani alijua.

Na Biblia ya Kiingereza? Wengi waliona kwamba mwanafunzi aliyeijua Biblia ya Kiswahili kwa moyo aweke ile ya Kiingereza kando yake, ajifunze kwa kulinganisha. Ni wazo zuri lenye mitego miwili. Mtego wa kwanza ni Kiingereza chenyewe. Tafsiri iliyosomwa makanisani ilikuwa ya mwaka 1611, na Kiingereza cha 1611 si cha leo. Katika mlango wa kwanza wa Warumi neno "let" lina maana ya kuzuia, ambapo siku hizi ni kuruhusu. Katika Zaburi "prevent" ni kutangulia, siku hizi ni kuzuia. "Conversation" katika Nyaraka ni mwenendo wa mtu, siku hizi ni mazungumzo. Kijana aliyejifunza kwa tafsiri ile alipofungua gazeti la Dar es Salaam alikuta maneno yamegeuka kinyume, kana kwamba mtu amebadilisha vibao vya njia usiku.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa hauonekani. Mwanafunzi asomapo kwa Kiingereza sura aijuayo kwa Kiswahili hasomi, anakumbuka. Nimewasikia wakisoma mfano wa Mwana Mpotevu bila kukwama, na kueleza kila aya, kisha kushindwa aya tatu za ufafanuzi wa mfano ule ule zilizochapwa chini ya ukurasa. Walipimwa kumbukumbu, wakapewa alama za kusoma.

Wakatoliki walikuwa na historia tofauti, na inafaa kutazamwa. Katika seminari zao kuu, Katigondo huko Uganda toka 1911 na Kipalapala karibu na Tabora toka 1925, vitabu vya falsafa na theolojia vilikuwa vya Kilatini. Laurean Rugambwa, aliyekuwa kardinali mwaka 1960 na baadaye Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, alilelewa Katigondo kwa utaratibu huo. Kilatini hakikuwa na masihara: kilisomwa kwa sarufi, sentensi kwa sentensi, karibu kama darsa la sheikh, wala hakuna aliyemcheka mtu kwa matamshi yake, kwa kuwa hakuna mama aliyemzaa mtoto akamsemesha Kilatini. Jambo lisilotazamiwa ni kwamba mafunzo hayo yalifungua Kiingereza cha kitabu pia. Majina mazito ya theolojia katika Kiingereza, ya neema, ya kuhesabiwa haki, ya kufanyika mwili, yametoka katika Kilatini, na aliyepitia Kipalapala aliyatambua kama mtu anayekutana na jirani aliyevaa kanzu mpya. Mwanafunzi wa chuo cha Kiswahili aliyajua mambo yale yale kwa majina mengi yenye asili ya Kiarabu, imani, dhambi, neema, ufufuo ukiwa wetu wenyewe. Kwake Kiingereza cha theolojia kilikuwa nyumba ya wageni watupu. Mtaguso wa pili wa Vatikano, 1962 hata 1965, ulipokwisha, Kilatini kikapungua upesi na Kiingereza kikachukua mahali pake katika seminari kuu za Tanzania, Segerea ya Dar es Salaam ikiwa mojawapo. Lugha ilibadilishwa; utaratibu wa kuisoma sentensi kwa sentensi ukatupwa pamoja na lugha. Hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa hasara isiyohitajiwa.

Upande wa serikali mambo yalikwenda kwa kishindo zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jumba la TANU, Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo yenyewe, kwa wanafunzi wachache wa sheria, kabla ya kuhamia kilimani mwaka 1964. Toka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote, na Kiingereza kikabaki lugha ya sekondari na vyuo. Mwaka 1978 Chuo Kikuu kililazimika kuweka idara ndogo ya kuwafundisha wanafunzi wake kusoma na kuandika kwa Kiingereza cha masomo. Mwaka 1984 Criper na Dodd, waliotumwa kuchunguza, walitoa taarifa kwamba katika wanafunzi wa kidato cha nne ni kama mmoja tu katika kumi aliyekuwa na Kiingereza cha kutosha hata kuanza kufundishwa kwa lugha hiyo. Kutokana na taarifa hiyo vitabu vyepesi vya kusomea vililetwa mashuleni toka 1987 kwa msaada wa Uingereza. Vijana waliotoka katika shule hizo ndio walioingia pia vyuo vya theolojia, wakakuta maktaba zilizojaa Kiingereza. Nyingi zilikuwa zimepata vitabu kwa msaada wa Mfuko wa Elimu ya Theolojia, uliobuniwa katika mkutano wa Wamisheni huko Ghana, mwisho wa 1957 na mwanzo wa 1958. Rafu zilijaa na wasomaji hawakutosha.

Elimu ya karibuni imeongeza jambo moja lenye faida. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya jamii 570 za maneno ambayo hurudi rudi katika maandiko ya elimu za kila namna, na ambayo peke yake ni karibu sehemu moja katika kumi ya maneno ya ukurasa wa kitaalamu. Sehemu kubwa ya hayo ni ya Kilatini na Kiyunani. Mwanafunzi wa theolojia anayejifunza Kiyunani cha Agano Jipya, kama wengi wanavyofanya, ana funguo zake mkononi. Ni juu ya mwalimu wa Kiyunani na mwalimu wa Kiingereza kuonana, jambo ambalo katika vyuo vingi halijatokea.

Kwa habari ya saa za darasani, nimeona mafanikio katika kazi ya namna hii. Mwalimu huchagua aya moja ya ufafanuzi, si ya Biblia, ya maneno mia moja na hamsini hivi, juu ya sura ambayo wanafunzi hawakuihubiri. Huisoma polepole sentensi ya kwanza na kuwauliza kwa Kiswahili: kitenzi kikuu ki wapi? Nani atenda? Kisha huyarudia majina yaliyopangana, kutoka la mwisho kwenda la kwanza, mpaka yatoke kwa utaratibu wetu. Kila "it" na kila "which" huandikiwa juu yake kiambishi cha Kiswahili cha jina lirudiwalo, ki, li, wa, u. Na hapo ndipo ubishi huanza darasani, ubishi mwema, kwa kuwa yule aliyeandika ki na yule aliyeandika wa hawakusoma hoja moja. Neno "for" huamuliwa kila lijapo: ni "kwa ajili ya", au ni "kwa maana"? Katika Waraka kwa Warumi, anayelikosea neno hilo amekosea kamba yote ya fikira za Mtume. Mwishoni kila mmoja huandika kwa Kiswahili sentensi mbili: mwandishi adai nini, na ampinga nani. Ile ya pili ndiyo ngumu. Darasa moja nililolijua lilimaliza aya nne kwa majuma mawili, na mwanafunzi mmoja, mtu mzima aliyekuwa katekista miaka mingi Ilala kabla ya kuja chuoni, alichukua kitabu kile chumbani mwake, akarudi siku ya tatu na karatasi yenye aya ya tano, viambishi vyote vimeandikwa juu kwa penseli, na alama ya kuuliza mahali pamoja. Alama ile ilikuwa mahali ambapo mwandishi wa kitabu mwenyewe hakueleweka.